Mwanao anafanya kazi Uingereza? Uliza kuhusu leseni ya mwajiri wake

Wazazi wengi wenye mtoto anayetunza wazee Uingereza wanaijua viza yake kwa tarehe. Ilianza lini, inaisha lini, imebaki miaka mingapi. Wapo waliopiga picha barua ya kukubaliwa wakaihifadhi kwenye simu, pamoja na picha za kumsindikiza uwanja wa ndege. Lakini kuna hati nyingine yenye nguvu kuliko hiyo, na ni wazazi wachache waliowahi kuiulizia. Si ya mtoto. Ni ya mwajiri wake.

Kampuni ya Uingereza haiwezi kumchukua mtu kutoka Nairobi, Kampala au Arusha ikampa kazi hivi hivi. Lazima kwanza iwe na leseni ya udhamini kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo. Leseni ndiyo inayoipa kampuni ruhusa ya kutoa cheti cha udhamini, ile namba ambayo mwanao aliijaza kwenye ombi lake la viza. Leseni ikifutwa, viza iliyoandikwa miaka mitatu hukatwa, kwa kawaida zikabaki siku 60. Ndani ya siku hizo mtu apate mwajiri mwingine mwenye leseni na kuomba viza upya, au afunge virago.

Hili halijawapata wachache. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024, serikali ya Uingereza ilifuta leseni zaidi ya 470 katika sekta ya utunzaji. Waajiri hao walikuwa wamehusishwa na wafanyakazi zaidi ya 39,000. Wengi wa hao hawakuwa na kosa lolote. Walilipa, wakasafiri, wakafanya kazi waliyopewa, kisha wakaadhibiwa kwa makosa ya bosi.

Tukumbushane tulikotoka. Mlango wa watunzaji ulifunguliwa Februari 2022, wakati nyumba za wazee Uingereza zilikuwa na upungufu mkubwa wa watu baada ya korona na baada ya nchi hiyo kujitoa Umoja wa Ulaya. Kampuni nyingi ndogo ziliomba leseni. Baadhi zilikuwa na kazi ya kweli. Nyingine zilikuwa na leseni tu, na biashara yao ikawa kuuza vyeti vya udhamini kupitia mawakala. Cheti ambacho wakati huo serikali ilimtoza mwajiri pauni 199, baadaye 239, na tangu Aprili 2025 pauni 525, kiliuzwa kwa maelfu ya pauni. Familia ziliuza ng'ombe na viwanja, zikakopa kwenye chama na Sacco. Mtoto akifika anaambiwa zamu zitaanza wiki ijayo. Wiki ijayo anaambiwa asubiri mteja mpya. Miezi mitatu inapita analala sebuleni kwa watu.

Serikali ilipoona hayo ilianza kubana. Kuanzia Machi 11, 2024, watunzaji wapya hawaruhusiwi kwenda na mume, mke wala watoto. Julai 22, 2025, mlango ukafungwa kwa kuajiri watunzaji wapya kutoka nje ya Uingereza. Kwa hiyo wakala anayekuambia leo kwamba ana nafasi za kutunza wazee huko na anataka amana ya kuanzia, hana anachokuuzia. Mwambie asante, ukate simu.

Habari yetu leo ni ya wale ambao tayari wako huko.

Tarehe iliyoondolewa

Hadi Aprili 2024, leseni ya udhamini ilidumu miaka minne. Ikikaribia kwisha, mwajiri alirudi serikalini kuihuisha. Alijaza maombi na kulipa ada upya: pauni 536 kwa kampuni ndogo au shirika la hisani, pauni 1,476 kwa kampuni kubwa. Aliyezembea aliipoteza leseni, na wafanyakazi wake wakaingia mashakani pamoja naye. Waajiri waliuona utaratibu huo kuwa kero. Kwa mfanyakazi, hata hivyo, ulikuwa na faida moja kubwa: palikuwa na tarehe. Mtu angeweza kuuliza ofisini, leseni yenu inaisha lini, na je, mmeshaomba nyingine?

Aprili 6, 2024, utaratibu huo ulifutwa. Leseni ambazo zingekwisha siku hiyo au baadaye ziliongezewa miaka kumi bila mwajiri kuinua kalamu. Tangu hapo hakuna kuhuisha leseni hizo wala ada ya kuhuisha. Basi mwanao akiambiwa kazini au na wakala kwamba wafanyakazi wanachangia pesa za kuhuisha leseni ya kampuni, huo ni wizi. Hata kabla ya mabadiliko hayo, hiyo ilikuwa gharama ya kampuni. Na tangu Desemba 31, 2024, mwajiri anayemrudishia mfanyakazi wa viza hiyo mzigo wa ada ya leseni au ya cheti cha udhamini anahatarisha leseni yenyewe.

Kwa maoni yangu, mabadiliko haya yamemfaa mwajiri kuliko mfanyakazi. Ukaguzi bado upo, ila hauna ratiba ambayo mfanyakazi anaweza kuihesabu. Maofisa wanaweza kufika kazini bila kubisha hodi. Mshahara ulioandikwa kwenye cheti cha udhamini unaweza kulinganishwa na rekodi za mamlaka ya kodi, na tofauti ikionekana, maswali yanaanza. Leseni inaweza kuwa salama Jumatatu, na kabla ya mwisho wa wiki ikawa imesimamishwa.

Si kila nchi inafanya hivyo. New Zealand, kwa mfano, bado inamtaka mwajiri ahuishe kibali chake. Mara ya kwanza hupewa mwaka mmoja, na akikihuisha, waajiri wa kawaida hupewa miaka miwili. Mwenye mtoto huko bado ana tarehe ya kuuliza.

Na usidhani leseni hufutwa kwa wahalifu peke yao. Mwajiri mwenye leseni Uingereza ana wajibu mwingi wa makaratasi. Mfanyakazi asipofika siku ya kwanza ya kazi, akikosekana siku kumi mfululizo za kazi bila ruhusa, au mshahara wake ukipunguzwa, mwajiri anatakiwa kuripoti ndani ya siku kumi za kazi. Anatakiwa kutunza anwani za wafanyakazi, mikataba yao na kumbukumbu za mahudhurio. Katika kampuni ndogo kazi hiyo yote mara nyingi imewekwa juu ya mtu mmoja, ambaye siku akiacha kazi anaondoka na nywila za mfumo.

Kuna pia kampuni kuuzwa. Nyumba za wazee hununuliwa na kuuzwa kama maduka, lakini leseni haiuziki pamoja na jengo. Mmiliki mpya asiye na leseni yake ana siku 20 za kazi za kuiomba. Mwanao akikuambia kwenye simu kwamba kazini wamebadilisha mwenye kampuni, usiichukulie kama habari ya kupitisha wakati. Muulize hapo hapo: huyo mpya ana leseni?

Kutazama ni bure

Orodha ya waajiri wote wenye leseni iko wazi kwa kila mtu kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, gov.uk, na huongezwa na kupunguzwa karibu kila siku ya kazi. Andika kwenye Google maneno haya kama yalivyo: register of licensed sponsors workers. Chagua jibu la gov.uk, achana na tovuti nyingine zinazotaka ujisajili au ulipe. Orodha ina majina zaidi ya 100,000, kwa hiyo simu ya kawaida inaweza kukwama katikati. Kama inakwama, nenda cyber, au mpe kazi hiyo yule mtoto wa nyumbani mwenye kompyuta.

Tafuta kwa jina la kampuni kama lilivyoandikwa kwenye cheti cha udhamini au hati ya mshahara. Hapa wengi hupotea. Nyumba ya wazee inaweza kuwa na jina zuri la maua kwenye bango la nje, huku kampuni inayoimiliki ikiitwa jina tofauti kabisa. Leseni hufuata jina la kampuni. Ukiliona, angalia mji, kisha angalia daraja. A ndiyo ya kawaida. B maana yake kampuni imepewa onyo na mpango wa kujirekebisha. Haiwezi kuleta watu wapya kwa wakati huo, lakini walioko wanaendelea na kazi. Ukiona B, ni wakati wa mwanao kuanza kuulizia kwingine kimyakimya, kabla hajalazimika.

Jina lisipoonekana kabisa, usipige kelele kwenye kundi la familia la WhatsApp kabla hujamuuliza mwenyewe. Huenda umekosea herufi moja. Huenda leseni imesimamishwa tu. Mwajiri akisimamishwa, jina lake huondolewa kwenye orodha wakati uchunguzi unaendelea, naye hupewa siku 20 za kazi za kujitetea. Kwa muda huo wafanyakazi waliopo wanaruhusiwa kuendelea na kazi, na viza zao hazijaguswa. Kosa kubwa wanalofanya watu wakati huu ni kuacha kazi kwa hofu, au kukimbilia kampuni nyingine na kuanza kufanya kazi bila viza mpya. Hilo la pili linaweza kumharibia mtu kuliko hata kufutwa kwa leseni.

Mara moja kwa mwezi inatosha. Piga picha ya skrini yenye tarehe, muwe na kumbukumbu. Kwa walioko England, kampuni inayowatunza wazee chini ya viza hii inatakiwa pia kuwa imesajiliwa na CQC, tume inayokagua ubora wa huduma za utunzaji, na ripoti zake husomwa bure. Nyumba iliyokaguliwa ikaonekana mbovu si lazima ipoteze leseni, lakini mimi ningependa kujua.

Hata hivyo, orodha hukuonyesha leseni ilivyo leo. Dalili za kesho utazipata kwa mwanao. Tumezoea kuuliza, umekula? Kuna baridi? Ongeza swali moja: wiki hii umepewa zamu ngapi? Mtu ambaye cheti chake kinasema atafanya kazi saa 39 kwa wiki, naye anapewa saa 15, yuko kwa mwajiri mwenye tatizo, hata kama bosi ni mpole na anampeleka kanisani kwa gari lake. Vivyo hivyo kwa anayelipwa kwenye benki kisha akatakiwa kurudisha sehemu taslimu. Wazazi wengine huwahimiza watoto wavumilie. Uvumilivu una mahali pake, ila mfanyakazi anayerudisha mshahara kwa siri anaweza siku moja kuulizwa kama naye alishiriki katika udanganyifu.

Hati za mshahara, mkataba, ratiba za zamu na taarifa za benki zihifadhiwe mahali ambapo kampuni haiwezi kuzifuta. Kama zamu hutumwa kwenye programu ya kampuni, azipige picha kila wiki, maana kampuni ikifungwa, programu nayo hufungwa.

Na barua pepe! Waliosaidiwa na mawakala kuomba viza mara nyingi walijaziwa anwani ya barua pepe ya wakala, si yao. Barua ya serikali kwamba viza imekatwa inaweza kwenda huko, na siku zikaanza kuhesabiwa bila mhusika kujua. Mwanao aingie leo kwenye akaunti yake ya viza ya mtandaoni, aangalie ni barua pepe na namba ya simu ya nani iliyomo. Kama si zake, azibadilishe.

Barua ikifika

Siku 60 ni chache, lakini si lazima kila kitu kiwe kimekamilika ndani yake. Kinachotakiwa ni ombi jipya la viza, lenye cheti kutoka kwa mwajiri mpya mwenye leseni, liwe limewasilishwa kabla ya siku ya mwisho. Likiwasilishwa kwa wakati, mwombaji hukaa kihalali akisubiri jibu. Lakini haruhusiwi kuanza hiyo kazi mpya mpaka viza itoke.

Hapo ndipo familia ya nyumbani inapoingia. Watunzaji hao hawana haki ya misaada ya serikali ambayo raia hupata akikosa kazi. Mtu anaweza kukaa miezi miwili au zaidi bila mshahara, huku kodi ya nyumba ikidai. Aliyekuwa akituma karo ya mdogo wake sasa huenda akahitaji kutumiwa. Najua si jambo rahisi kulisema mezani, hasa ambapo mkopo wa safari haujaisha. Lakini mtoto anayepigiwa simu kila jioni kuulizwa pesa ndiye atakayekubali cheti cha pili cha kununua, na mawakala wanajua kabisa ni nani waliopata barua.

Msaada wa kweli upo. England imegawanywa katika maeneo yenye vikundi vya ushirikiano vinavyosaidia watunzaji waliopoteza mdhamini kuunganishwa na waajiri wenye kazi. Aprili 9, 2025, waajiri wa huko waliwekewa sharti la kujaribu kwanza kuwaajiri watu hao kabla ya kumdhamini mtu mpya. Kwa ushauri wa viza, atumie wakili au mshauri aliyesajiliwa na mamlaka ya washauri wa uhamiaji, siyo rafiki wa kanisani aliyewahi kusaidia mtu. Kwa mshahara anaodai, Acas hutoa ushauri bure kwa simu, na Citizens Advice wana ofisi katika miji mingi. Kufutiwa leseni hakumfutii mwajiri deni la mshahara wa mtu.

Kuna tarehe moja ya kuandika kwenye kalenda. Kwa kanuni zilizotangazwa mlango ulipofungwa, watu walioko tayari Uingereza wanaruhusiwa kubadilisha viza kuingia katika kazi za utunzaji hadi Julai 22, 2028. Kanuni za uhamiaji huko zimebadilika mara nyingi miaka hii, kwa hiyo asisubiri mwaka huo ufike ndipo aulize.

Waliosafiri kabla ya Machi 11, 2024 wengi walikwenda na watoto au waliwafuatisha. Viza ya mtoto na ya mwenzi hutegemea ya mfanyakazi, na ya mfanyakazi inategemea leseni ya kampuni. Ikikatwa, hukatwa kwa wote, hata kama mtoto yuko katikati ya muhula. Waliokuwa katika njia hiyo kabla ya tarehe hiyo wanaweza kubaki na familia zao wanapohamia kwa mdhamini mwingine katika kazi hiyo hiyo, na hilo liandikwe wazi kwenye maombi ya kila mmoja wao, kwa sababu kila mtu katika familia huomba peke yake na hulipiwa ada yake.

Wajukuu waliozaliwa huko nao wasisahaulike. Mtoto aliyezaliwa Uingereza na wazazi wote wawili wenye viza za muda hapati uraia wa Uingereza kwa kuzaliwa tu. Anahitaji pasipoti ya nchi ya wazazi wake, na bila hiyo ni vigumu kumwombea viza na hawezi kusafiri. Kwa Wakenya, safari hiyo huanza kwenye ubalozi wa London, tena kwa miadi, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto mkononi. Kama mjukuu wako ana mwaka mmoja na hana pasipoti, hilo ndilo la kumkumbusha mama yake Jumapili hii.